Mashine ya fezi tatu kwenye nyumba ya fezi moja: njia nne na namna ya kuchagua

Mashine za kukereza, za milingi na za kutobolea zinazotolewa viwandani na vyuoni mara nyingi zina chuma kizito na reli zilizonyooka kuliko mashine ndogo za mezani, na bado huuzwa rahisi. Sababu kubwa ni mota: inataka umeme wa fezi tatu, na nyumba nyingi zina fezi moja tu. Aliyeipata mashine ya namna hiyo na kuifikisha kwenye karakana yake hujikuta njia panda. Afunge inverta? Anunue kigeuzi cha kapasita? Aunde kigeuzi cha mota? Au ang'oe mota yenyewe na kuweka ya fezi moja?

Kila njia ina watu wanaoiapia, na wote wanasema kweli kuhusu mashine zao. Lakini ushauri wa mwenye mashine moja ndogo ya kukereza haumfai mwenye mashine nne zilizojipanga ukutani. Tena kuna jambo ambalo ushauri mwingi hulipita: kifaa kikigoma, utaweza kugundua mwenyewe kilichokigomesha? Kiwandani yupo fundi wa zamu. Nyumbani fundi ni wewe, kwa hiyo njia unayochagua uipime pia kwa namna inavyoharibika.

Takwimu nitakazotaja ni za umeme wa volti 230 na hezi 50. Kwenye hezi 60, mota ileile huzunguka haraka zaidi kwa moja ya tano.

Kwa nini mota haianzi

Ndani ya mota ya fezi tatu mna makundi matatu ya koili, na umeme unaoyafikia umepishana kwa nyuzi 120. Kupishana huko ndiko kunakoufanya uga wa sumaku uzunguke, na rota, sehemu ya ndani inayozunguka pamoja na shafti, huufuata. Fezi moja haitoi mzunguko huo. Sumaku huvuta na kuachia palepale, mara 100 kwa sekunde. Ni kama kuendesha baiskeli kwa mguu mmoja: pedeli ikiwa juu kabisa, ukandamize utakavyo haiondoki, lakini ikishaanza kuzunguka mguu mmoja unatosha kuiendeleza. Ndiyo maana mota ya fezi tatu ikipewa fezi moja huunguruma ikiwa imesimama, hupata moto upesi, na isipozimwa koili zake huungua.

Njia zote nne hujibu swali hilo moja: nani ataianzisha mota, na nani ataishikilia ikishaanza.

Soma kibati kwanza

Kabla ya kulinganisha chochote, safisha kibati cha mota na ukisome. Kikiandikwa 230/400 V, na alama ya delta (pembetatu) kwa 230 na ya nyota (Y) kwa 400, umebahatika. Inverta nyingi za fezi moja na vigeuzi vingi vya nyumbani hutoa fezi tatu za volti 230, si 400, kwa hiyo mota lazima iunganishwe kwa delta. Fungua kisanduku cha nyaya juu ya mota: utakuta skrubu sita katika safu mbili za tatu tatu, na vipande vidogo vya shaba. Vipande vikiunganisha skrubu tatu za safu moja, hiyo ni nyota. Ukivigeuza viunganishe skrubu za safu ya juu na za chini, jozi tatu, hiyo ni delta.

Ukikuta nyaya tatu tu, nyota imefungwa ndani ya mota. Fundi wa kusuka mota anaweza kuitafuta sehemu hiyo kati ya koili, kuifungua, na kutoa nyaya nyingine tatu. Inahitaji mkono mtulivu, maana vanishi ya zamani hukatika, lakini si lazima mota isukwe upya.

Kibati kikiandikwa 400/690 V, delta yake ni ya volti 400. Kuipa volti 230 hakuisaidii, kwa sababu msukumo wa kuzungusha hupungua kwa mraba wa volti: 230 kwa 400 ni kama 0.58, na mraba wake ni theluthi moja tu. Mota ya namna hiyo itazunguka vizuri bila mzigo, kisha itakwama kisu kikigusa chuma.

Andika pia kilowati, ampia na mizunguko, halafu hesabu mota zote za mashine. Mashine ya milingi inaweza kuwa na mota ya pampu ya maji ya kupozea, nyingine ya kusogeza meza, na ya kisu. Wengi huiona ya pili na ya tatu wakiwa wameshanunua kifaa cha mota moja.

Vigezo

Nitazipima njia zote kwa mambo haya: nguvu inayofika kwenye shafti, pamoja na msukumo wa kuanzia na ulaini wa mwendo, kiasi cha nyaya za mashine utakachobadilisha, inavyogoma na unavyoweza kulitafuta tatizo, na mtu anayefaidika nayo. Bei siiweki kama kigezo kwa sababu hubadilika kila mahali. Kwa kawaida kigeuzi cha kapasita ndicho rahisi kuliko vyote, na kigeuzi cha mota ndicho ghali ukikinunua tayari, ingawa ukikiunda kutoka kwenye mota chakavu hali hugeuka.

Njia ya kwanza: inverta ya mota

*Inavyofanya kazi.* Usiichanganye na inverta ya sola. Hii ni ile ambayo kwenye boksi huandikwa VFD. Hupokea fezi moja, huigeuza kuwa mkondo mnyoofu wa volti zipatazo 325, kisha transista zake huukata mkondo huo maelfu ya mara kwa sekunde na kuunda fezi tatu kamili za masafa (hezi) unayotaka. Mlio mwembamba unaousikia kwenye mota ni sauti ya ukataji huo.

*Nguvu na mwendo.* Mota hutoa nguvu yake yote iliyoandikwa kwenye kibati, huanza taratibu bila kuzifanya taa za nyumba zififie, na mwendo hubadilika kwa kuzungusha kitufe. Kwa mtu anayekereza uso mpana kutoka nje kuelekea katikati, kuongeza mwendo huku kisu kikitembea ni raha ambayo mashine ya puli haiwezi kumpa.

Raha hiyo ina mpaka wake, na wanaounguza mota ndipo wanapoteleza. Chini ya hezi 50 msukumo wa mota hubaki karibu uleule, lakini nguvu hupungua kulingana na mwendo: hezi 25, nusu ya nguvu. Kwenye puli, ukipunguza mwendo kwa nusu, msukumo kwenye chaki, kile kibanio kinachoshika kipande kinachokerezwa, huongezeka maradufu. Kwenye inverta hauongezeki. Kwa hiyo kazi nzito ya mwendo mdogo, kama kutoboa tundu pana au kukereza kipande kipana cha chuma, bado inataka mkanda uhamishwe kwenye puli ya mwendo mdogo au gia ya nyuma iingizwe. Isitoshe, feni ya mota imefungwa kwenye shafti yake yenyewe. Mota ikienda polepole, feni nayo huenda polepole, na joto hubaki ndani. Juu ya hezi 50 msukumo hupungua, na hapo fikiria pia kama beringi za shafti kuu na chaki vimeruhusiwa mwendo huo.

*Ufungaji.* Njia hii ndiyo inayodai kazi nyingi kwenye nyaya. Inverta huunganishwa moja kwa moja na mota, bila swichi wala kontakta (swichi inayovutwa na koili ya umeme) katikati. Kukata umeme kati yake na mota ikiwa kazini kunaweza kuua transista. Swichi za zamani za mashine huhamishiwa kwenye nyaya ndogo za amri za inverta: washa, zima, geuza. Taa ya mashine, transfoma ya swichi na pampu haviwezi kulishwa na umeme uliokatwakatwa unaotoka kwenye inverta. Vipewe njia yao. Waya wa kwenda kwenye mota uwe mfupi na wenye wavu wa shaba uliofungwa kwenye ethi. Inverta yenyewe iwe kwenye sanduku linalozuia chembe za chuma lakini linalopitisha hewa, kwa sababu feni yake huvuta kila kinachoelea, na vumbi la chuma kwenye bodi ya umeme huishia kwenye mlipuko mdogo.

Angalia na chaki. Kwenye mashine nyingi za zamani za kukereza chaki husokotwa kwenye shafti kwa hesi. Inverta ikisimamisha mota kwa ghafla, au ukigeuza mwendo kwa kitufe kilichokaa karibu mno na kidole, chaki nzito huendelea kuzunguka kwa kasi yake na kujifungua. Kwa mashine ya aina hiyo weka muda wa kusimama uwe wa sekunde kadhaa, na uzime kabisa amri ya kurudi nyuma kama huna kazi nayo.

*Inapogoma.* Hapa ndipo inverta hutofautiana na zote: hukueleza inachoumwa, kwa herufi na namba kwenye kioo chake. Ikizima wakati wa kusimamisha na kuonyesha volti kuzidi, si umeme wa nyumbani uliopanda. Chaki inayozunguka imeigeuza mota kuwa jenereta na kurudisha umeme ndani ya inverta. Ongeza muda wa kusimama, au funga rezista ya breki. Ikizima wakati wa kuanza kwa mkondo kuzidi, ongeza muda wa kuanza, kisha kagua mkanda uliobana mno, gia iliyoachwa ikiwa imeingia, au waya uliochubuka. Volti kupungua mara nyingi ni waya mrefu na mwembamba wa kuunganishia. Mota ikipata moto bila inverta kulalamika, rudia mipangilio: volti, hezi, ampia na mizunguko vilingane na kibati.

Kuna hitilafu moja inayowachosha watu: swichi ya kinga ya mkondo unaovuja, ile ya miliampia 30, inaruka kila inverta inapowashwa. Inverta huvujisha kiasi kidogo cha mkondo kwenda kwenye ethi kwa asili yake, hasa kupitia kichujio cha ndani. Usiikate ethi na usiiruke swichi hiyo. Fundi umeme anaweza kuipa inverta njia yake yenye kinga ya aina inayoendana nayo.

Ukizima inverta ili ufungue nyaya, subiri muda ulioandikwa kwenye kifuniko, kwa kawaida dakika 5 au zaidi, kisha upime kwa multimita kabla ya kugusa. Kapasita zake hubaki na volti zaidi ya 300 hata plagi ikiwa imeshachomolewa. Bodi yenyewe ikifa, wengi hununua inverta nyingine tu, na huo ndio udhaifu wa njia hii kwa mtu anayependa kutengeneza kila kitu kwa mkono wake.

*Inamfaa nani.* Mwenye mashine moja au mbili za mota ya delta 230, isiyozidi kilowati 2.2 au hivi, anayetaka uso laini na mwendo unaobadilika, na asiyeogopa kupanga upya nyaya za swichi.

Njia ya pili: kigeuzi cha kapasita

*Inavyofanya kazi.* Koili moja hulishwa kupitia kapasita, ambayo huisogeza fezi kiasi cha kutosha mota ianze kuzunguka. Vigeuzi vya chini kabisa huikata kapasita kwa rilei, swichi ndogo inayojiendesha kwa umeme, mota ikishaanza, na kuiacha mota ikiendelea na fezi moja. Vilivyo bora hubakiza kapasita nyingine ya kazi. Mafundi huuita huu muunganisho wa Steinmetz, kwa jina la mhandisi Charles Proteus Steinmetz aliyefariki mwaka 1923. Kwa mota ya volti 230 kadirio la kuanzia ni maikrofaradi 70 kwa kila kilowati. Mota ya kilowati 1.5 itataka zipatazo 105, na kapasita iwe ya kazi ya kudumu, ya volti 400 za AC au zaidi.

*Nguvu na mwendo.* Tegemea kama theluthi mbili ya nguvu ya kibati. Msukumo wa kuanzia ni mdogo, kwa hiyo mashine inayoanza na mzigo, mfano kompresa au mashine ya kukereza yenye mkanda mpana na grisi iliyoganda, husumbua. Mwendo ni mmoja, ule wa puli. Kwa sababu koili tatu hazigawani mzigo sawasawa, mota hutetema kidogo, na kwenye kazi ya kumalizia uso wa chuma mtetemo huo huonekana.

*Ufungaji.* Rahisi. Waya mmoja kuingia, mwingine kutoka, na swichi za mashine hubaki zilivyo mara nyingi. Vipo vigeuzi vyenye transfoma ya kupandisha hadi volti 400, na kwa mota ya nyota iliyofungwa ndani hivyo ni ukombozi: huna haja ya kuifungua mota kabisa.

*Inapogoma.* Mota ikiunguruma bila kuanza, mtuhumiwa wa kwanza ni kapasita iliyovimba au kuvuja, wa pili ni rilei ambayo mdomo wake umeungua. Zima, toa chaji ya kapasita kwa rezista, ndipo upime. Tatizo la kificho zaidi ni mota inayopata moto ikiwa haina kazi. Kapasita iliyopimwa kwa mzigo kamili hulisha kupita kiasi mota inapozunguka bure. Chukua mita ya kubana waya, pima ampia kwenye nyaya zote tatu huku kisu kikikata kwa kiasi chako cha kawaida, na urekebishe kapasita hadi zikaribiane. Hakuna kapasita moja inayozisawazisha kwa kila mzigo; chagua mzigo unaoufanya zaidi.

*Inamfaa nani.* Mwenye mashine ya kutobolea, msumeno wa chuma au grainda ya kunolea, inayowashwa mara chache kwa siku na kuanza bila mzigo, ambaye kilowati moja kati ya moja na nusu inamtosha.

Njia ya tatu: kigeuzi cha mota

*Inavyofanya kazi.* Mota ya fezi tatu isiyoendesha kitu huanzishwa kwa kapasita na kuachwa ikizunguka kwenye fezi moja. Rota yake inapozunguka huzalisha umeme kwenye koili ya tatu, na ukichukua nyaya zote tatu una fezi tatu za kulisha karakana nzima. Ndani yake hakuna bodi, kuna shaba, chuma na kapasita.

*Nguvu na mwendo.* Mashine hupata karibu nguvu yake yote, ilimradi mota ya kuzalishia iwe kubwa: angalau mara 1.5 ya mota kubwa kuliko zote karakanani. Mashine ya kilowati 2.2 itataka mota ya kuzalishia ya kilowati 4. Mwendo haubadiliki. Lakini kugeuza na kusimamisha hufanyika kama kiwandani, na mota ya mwendo miwili hufanya kazi yake yote, jambo ambalo inverta huishindwa.

*Ufungaji.* Kigeuzi hukaa mahali pamoja, mashine hubaki na kontakta na swichi zake za asili, pampu yake na kila kitu. Gharama yake ni kelele za mota inayozunguka muda wote, na umeme unaotumika hata ukiwa umesimama unapima kipande. Kama mashine zako ni za volti 400, itabidi uongeze transfoma.

*Inapogoma.* Hitilafu inayojitokeza zaidi ni kontakta ya mashine kutetema au kuachia kisu kinapoingia kwenye chuma. Kabla ya kununua kontakta nyingine, fuatilia nyaya za transfoma ya swichi. Fezi ile iliyozalishwa ndiyo inayoyumba mzigo unapoongezeka. Transfoma ikichukua umeme kutoka kwake, koili ya kontakta hukosa nguvu. Ihamishie kwenye nyaya mbili zinazotoka moja kwa moja kwenye umeme wa nyumba, na mara nyingi tatizo huisha hapohapo. Mashine ikizunguka kinyume, badilisha nafasi za nyaya mbili kwenye plagi ya mashine, ukihakikisha zile za transfoma zinabaki kwenye fezi halisi. Volti ya fezi ya tatu ikiwa chini sana kuliko mbili nyingine, ongeza kapasita za kusawazisha. Yote haya hugundulika kwa multimita na subira.

*Inamfaa nani.* Mwenye mashine kadhaa, au mashine moja yenye mota nyingi, ambaye hataki kuvunja mfumo wa umeme wa mashine yake na ana kona ya kuiweka mota inayonguruma.

Njia ya nne: mota ya fezi moja

*Inavyofanya kazi.* Unang'oa ya zamani na kufunga ya kapasita, yenye swichi ya ndani inayofunguka kwa mwendo na kuikata koili ya kuanzia.

*Nguvu na mwendo.* Msukumo wa kuanzia ni mzuri, lakini mkondo wa kuanzia unaweza kufika mara tano hadi saba ya ule wa kazi, na sakiti breka ndogo huruka. Mota isiwashwe na kuzimwa mara nyingi kwa saa. Jambo linalowagusa wanaokereza ni mtetemo wa mara 100 kwa sekunde. Kwa mizunguko 500 kwa dakika, mtetemo huo huacha alama 12 kuzunguka kipande. Ukiona michirizi midogo kwenye uso, ihesabu, kisha punguza mwendo hadi 250 na ukate tena. Ikiwa 24, inatoka kwenye mota. Panga puli zikae mstari mmoja, badili mkanda, weka mpira chini ya mota. Ikibaki 12, tafuta kwenye gia au beringi za shafti kuu, na mota haina hatia.

*Ufungaji.* Umeme wake ni rahisi, ugumu uko kwenye vyuma. Mota za kipimo cha kimataifa cha 80 zina shafti ya milimita 19, na za kipimo cha 90 zina shafti ya milimita 24. Kwa kilowati zilezile, mota ya fezi moja huwa na umbo kubwa zaidi, na huenda isiingie kwenye kabati la mashine. Puli itahitaji kukerezwa tundu upya, na kama mota ya zamani imefungwa kwa uso wake kwenye gia, achana na njia hii.

*Inapogoma.* Hitilafu zake ni chache na zinajulikana. Ikiunguruma bila kuanza: kapasita, au midomo ya swichi ya ndani imeungua au kujaa vumbi. Ikianza lakini ikanguruma kwa sauti nzito kisha breka ikaruka: swichi haifunguki, koili ya kuanzia imebaki kwenye umeme, na kapasita inaweza kupasuka. Kingine ambacho si hitilafu ingawa hudhaniwa hivyo: ukigeuza swichi ya kurudi nyuma mota ikiwa bado inazunguka, inaendelea upande uleule. Lazima isimame kwanza.

*Inamfaa nani.* Anayetaka mashine ya plagi na swichi tu, mwenye mota ya zamani iliyoungua, au anayefikiria kuiuza mashine siku za mbele kwa mtu asiyejua habari za fezi.

Yasiyobadilika kwa njia yoyote

Umeme ukikatika na kurudi, mashine isijiwashe yenyewe. Kontakta huzuia hilo kwa asili, inverta hutakiwa ipangwe ilizuie, na swichi ya kawaida ya ukutani haiwezi. Kitufe chekundu cha dharura kikae mahali unapofika bila kupitisha mkono juu ya chaki. Na kila chuma, pamoja na boksi la kigeuzi, kiwe na ethi iliyopimwa.

Kulingana na hali yako

Mashine moja ya kukereza, mota ya delta 230, kazi ya vipimo na uso laini: anza kufikiria inverta. Nguvu yake kubwa ni kwamba hitilafu zake nyingi ni za mipangilio na hujieleza.

Mashine ileile lakini nyota imefungwa ndani na hakuna fundi wa kuifungua karibu: kigeuzi cha kapasita chenye transfoma ya 400, au inverta zile chache zinazopokea fezi moja ya 230 na kutoa 400. Hakikisha inverta ya namna hiyo inakupa ampia zilizoandikwa kwenye kibati cha mota.

Mashine ya kutobolea peke yake: kigeuzi cha kapasita kinatosha, au mota ya fezi moja ikiwa puli inaingia bila kukerezwa. Inverta itakupunguzia uhamishaji wa mkanda, ila kumbuka msukumo wake kwenye tundu pana.

Mashine tatu au zaidi, na huwashi mbili kwa pamoja: linganisha kigeuzi kimoja cha mota na inverta moja kwa kila mashine. Ukipenda kuhamisha inverta moja kati ya mashine, kila mara utabadilisha mipangilio, na siku moja utasahau kupunguza ampia za mota ndogo.

Mashine ya mwendo miwili au yenye mota tatu ndani: kigeuzi cha mota huiacha ilivyo. Kwa inverta utalazimika kuchagua mwendo mmoja na kutafuta njia nyingine ya kuendesha pampu.

Karakana iko ukuta mmoja na chumba cha kulala: kigeuzi cha mota kitakugombanisha na waliolala. Inverta hulia kwa sauti nyembamba, ambayo hupungua ukipandisha masafa ya ukataji, ingawa inverta nayo itapata joto zaidi.

Mota ya kilowati 4 na kuendelea: kabla ya yote hayo, uliza shirika la umeme kama fezi tatu zinapita karibu nawe na masharti ya kuunganishwa ni yapi. Kwa ukubwa huo mkondo wa fezi moja huwa mzito kwa nyaya nyingi za nyumbani, hata kigeuzi kiwe kizuri namna gani.